Bi Ella na Kijana wa Kamera

Katika nyumba nyingi za Pwani yetu, tangu Vanga hadi Kiunga, hakukosekani sanduku, kopo la biskuti au albamu iliyochakaa iliyohifadhi picha za kale. Humo tumewaona bibi zetu walipokuwa wasichana, babu zetu waliovaa koti juu ya kanzu, na jamaa ambao leo hatuna tena wa kutuambia walikuwa nani. Hili la mwisho ndilo linalotuuma. Sura ipo, kofia ipo, hata kidani kinaonekana. Jina ndilo lisilokuwapo. Na kwa kuwa likizo ya Agosti imekaribia, na vijana wetu karibu wote wana kamera ndani ya simu zao, tumeona wiki hii tuwaletee wasomaji habari ya mpiga picha kijana na mama mfagizi waliokutana katika mji wa Washington, nchini Marekani, katika kiangazi cha mwaka 1942. Ni habari ya mbali kwa masafa, lakini tunaamini msomaji ataona mapema kwa nini tumeichagua.

Kijana mwenyewe ni Gordon Parks. Alizaliwa tarehe 30 Novemba 1912 katika mji mdogo wa Fort Scott, jimbo la Kansas, akiwa kitinda mimba wa watoto 15 wa mkulima mweusi. Mama yake alifariki naye angali mdogo, akapelekwa kwa dada yake huko Saint Paul, Minnesota, ambako haukupita muda mrefu shemeji yake akamfukuza nyumbani wakati wa baridi kali. Tangu hapo alijitafutia mwenyewe. Alipiga piano kwenye kumbi za starehe, alihudumu mezani, alilala ndani ya magari ya reli ya mjini ili asife kwa baridi, na hatimaye akapata kazi ya kuhudumia chakula katika garimoshi la masafa marefu. Humo garini ndimo alimookota gazeti lililoachwa na abiria, akaona picha za wakulima waliofukuzwa makwao na ukame na madeni, wakihama na watoto na vyombo vyao. Picha zile hazikumtoka. Akanunua kamera katika duka la rehani mjini Seattle, akajifundisha mwenyewe kuitumia.

Kufikia mwaka 1942 alikuwa ameshajulikana kiasi cha kupewa udhamini na Mfuko wa Julius Rosenwald, ambao haujawahi kabla yake kumpa mpiga picha. Udhamini huo ulimpeleka Washington, katika idara ya serikali iliyoitwa Farm Security Administration. Kazi ya idara hiyo ilikuwa kuwasaidia wakulima maskini, nayo ilikuwa na kitengo chake cha picha; na zile picha alizoziona garini zilipigwa na watu wa kitengo hichohicho. Alikuwa na umri wa miaka 29. Mkuu wa kitengo, mzungu aitwaye Roy Stryker, hakumpa kazi ya kupiga picha siku ya kwanza. Alimnyang'anya kamera zake, akazifungia kabatini, akamwambia aende mjini: anunue koti, aangalie filamu, ale chakula mkahawani.

Parks alirudi mikono mitupu. Dukani hakuuziwa koti, kwenye sinema alizuiwa mlangoni, mkahawani aliambiwa watu weusi huhudumiwa mlango wa nyuma. Na huo ndio mji mkuu wa nchi iliyokuwa vitani wakati huo dhidi ya Hitler, ikiuambia ulimwengu kwamba inapigania uhuru. Kijana alirejea ofisini anachemka, akataka kamera zake ili awapige picha waliomdhalilisha. Stryker alimkatalia kwa hoja ambayo sisi tunaiona nzito. Alimwambia kwamba haitoshi kumpiga picha mtu na kuandika chini yake kuwa ni mbaguzi, kwani wabaguzi wana sura kama za watu wengine wote. Nenda, akamwambia, ukazungumze na watu weusi wazee walioishi na jambo hili maisha yao yote.

Jioni moja, ofisi zikiwa zimeshaanza kuwa tupu, Stryker alimwonyesha mama mmoja aliyekuwa akipiga deki ukumbini. Zungumza na huyo.

Mama huyo aliitwa Ella Watson. Parks alimsogelea, hata hakujua aanze wapi, akamuuliza habari za maisha yake. Naye akamweleza. Baba yake aliuawa na kundi la watu waliojichukulia sheria mikononi. Mama yake alifariki. Mume wake alipigwa risasi akafa. Binti yake naye alikufa akamwachia watoto wadogo, na bibi ndiye aliyekuwa akiwalea. Alikuwa ameitumikia serikali kwa miaka 26, na kwa mwaka alilipwa dola 1,080 za kuwalisha watu sita. Msomaji akipiga hesabu ataona kwamba hizo ni dola 90 kwa mwezi, yaani dola 15 kwa kila kichwa, kwa kodi ya nyumba, chakula, viatu na dawa. Na kila jioni alikuwa akifagia ofisi za watu wengine baada ya wao kurudi kwao.

Hapo ndipo Parks alipopiga picha iliyomfanya ajulikane duniani. Alimsimamisha Bi Ella mbele ya bendera kubwa ya Marekani iliyoning'inia ukutani. Ufagio umesimama wima mkononi mwake, na ubavuni pake ipo mopu ya kupigia deki. Amevaa gauni la madoadoa na miwani, na macho yake hayamwangalii mpiga picha. Mkao huo ulichukuliwa kutoka katika mchoro maarufu wa Grant Wood wa mwaka 1930, uliopo Chicago, unaoonyesha mkulima wa kizungu ameshika uma wa shambani, na mwanamke ubavuni pake, mbele ya nyumba yao. Mchoro ule ulitazamwa na Wamarekani wengi kuwa sura yao wenyewe. Parks aliondoa uma akaweka ufagio, na bila kusema neno akauliza kama huyu naye amo katika sura hiyo. Stryker alipoiona alishtuka. Inasimuliwa alimwambia kijana kwamba picha kama hii ingeweza kuwafukuzisha kazi wote.

Wengi wanaosimulia kisa hiki huishia hapo. Picha ile imechapwa vitabuni, imetundikwa katika makumbusho, na wanafunzi wa sanaa hufundishwa habari zake. Sisi, hata hivyo, tunaona kwamba mazuri ya kiangazi kile yalikuja baada yake. Stryker hakumwambia kijana aache. Alimwambia aendelee na mama yule, amjue zaidi. Na kwa muda wa karibu mwezi mmoja Parks alimfuata Bi Ella: kazini, nyumbani kwake, dukani alikonunua vyakula, na kanisani alikosali. Akapiga makumi ya picha nyingine ambazo watu wengi hawajaziona, na ambazo kwa maoni yetu zina thamani kuliko ile moja.

Tuzitaje baadhi. Ipo ambayo Bi Ella anawasomea watu wa nyumbani kwake kitabu chao cha dini. Ipo ya meza ya nguo chumbani kwake, pamoja na vitu vyake vya ibada. Zipo za waumini wenzake kanisani. Ipo ya mtaa kama unavyoonekana kutoka dirisha la chumba chake cha kulala. Hii ya dirisha ilitufanya tusite kidogo, kwa sababu mpiga picha amekubali kwa mara moja kuacha kumtazama mama akatazama kile anachokitazama mama.

Na ipo moja ambayo tungemshauri kila kijana mwenye kamera aitafute. Upande mmoja kuna meza ya kuvalia yenye kioo, na juu ya meza imesimamishwa picha ya zamani ya mwanamume na mwanamke ndani ya fremu. Ndani ya kioo anaonekana binti ambaye Bi Ella alimlea kama wake. Upande wa pili, kupitia mlango ulio wazi, Bi Ella amekaa jikoni na wajukuu. Katika picha moja pana vizazi vinne, au tuseme vitatu na kumbukumbu ya kimoja. Hakuna bendera wala ufagio. Anayeitazama hamwoni mtu wa kuhurumiwa. Anaona nyumba yenye mwenyewe.

Sasa tufikie jambo lililotufanya tuanze na yale makopo ya biskuti. Picha zote za kitengo kile zilihifadhiwa, na leo zimo katika Maktaba ya Bunge la Marekani, kila moja na maelezo yake mafupi. Maelezo ya ile picha mashuhuri ya bendera hayana jina la mtu. Yanasema tu kuwa ni mfagizi wa serikali, Washington. Lakini ukienda kwenye picha za nyumbani, jina limeandikwa: Ella Watson, tena limetanguliwa na neno la heshima apewalo mwanamke aliyeolewa, ambalo sisi tungelisema Bi au Bibi. Hilo si jambo dogo. Katika Marekani ya siku zile, hasa majimbo ya kusini, magazeti mengi ya wazungu hayakuwa tayari kumwandika mwanamke mweusi kwa neno hilo. Aliitwa kwa jina la kwanza tupu hata na mtoto, au aliitwa shangazi na watu wasiokuwa na udugu naye. Kwa hivyo yule aliyekuwa alama ya umaskini mbele ya bendera, alipofikiwa nyumbani kwake na wajukuu zake alikuwa Bi Ella Watson. Kilichoongezeka baina ya picha mbili hizo ni majuma machache ya kufahamiana.

Hatutaki msomaji adhani kwamba Parks alikuwa malaika au kwamba kazi yake yote ilikwenda hivi. Mwaka 1948 alikaa majuma kadhaa Harlem, New York, na kijana wa miaka 17 aliyekuwa kiongozi wa genge. Alipiga mamia ya picha, na kati ya hizo zimo za kijana huyo akiwa nyumbani na jamaa zake katika mambo ya kawaida. Gazeti la Life lilichapisha picha 21, na wahariri walichagua zaidi zile za vurugu na giza. Mpiga picha alikuwa ameishi na mtu. Msomaji akaletewa jambazi. Sisi tulio katika kazi hii ya uhariri tunalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu lawama ya picha mbaya mara nyingi humwangukia aliyeshika kamera, na aliyekaa mezani na mkasi akapita salama.

Mwaka 1961 tena, Parks alikwenda Rio de Janeiro, Brazil, akapiga picha maisha ya mtoto aitwaye Flávio da Silva, wa umri wa miaka 12, mgonjwa wa pumu, aliyekuwa akiwatunza wadogo zake katika kibanda cha mlimani. Wasomaji wa Life waliguswa wakatuma maelfu ya dola. Mtoto alipelekwa Denver, Marekani, akatibiwa, familia ikanunuliwa nyumba. Baada ya kama miaka miwili akarudishwa Brazil, ilhali moyo wake ulikuwa umeshazoea kwingine. Nalo gazeti moja la Brazil, kwa hasira ya kuona nchi yao imefanywa maonyesho, lilimtuma mpiga picha wake New York akapige picha za maskini wa huko. Tumelijadili kisa hiki baina yetu bila ya kuafikiana. Wako waliosema mtoto aliokolewa maisha yake na hilo latosha. Wako waliosema kumng'oa mtoto kwao kisha kumrudisha ni kumjeruhi mara mbili. Tunamwachia msomaji.

Kwa sisi Waislamu kuna sababu nyingine ya kumkumbuka mtu huyu. Mwaka 1963 Life lilimpa kazi ya kuandika na kupiga picha habari za jumuiya ya Nation of Islam iliyoongozwa na Elijah Muhammad. Inajulikana kuwa jumuiya hiyo ilikuwa na itikadi zake zilizotofautiana na Uislamu tunaoufahamu, na Malcolm X mwenyewe aliachana nayo mwaka 1964 na mwaka huohuo akaenda kuhiji Makka. Lakini wakati ule magazeti mengi ya Marekani yalipowataja watu hao yaliwaonyesha kuwa ni watu wa chuki tupu. Parks alikwenda kwa njia aliyojifunza kwa Bi Ella. Alikaa nao. Miongoni mwa picha zake mashuhuri ni ya Ethel Sharrieff, binti wa Elijah Muhammad, akiwa amesimama mbele ya safu za wanawake waliojisitiri kwa mavazi meupe. Wanatazama mbele, wametulia, hawana haja ya kueleza lolote kwa mtu. Msomaji wa Lamu au Malindi akiiona hatashangaa. Atadhani ni picha ya maharusi na wapambe, au ya kina mama wa darsa. Parks na Malcolm wakawa marafiki, hadi mpiga picha akawa mlezi wa heshima wa mmoja wa mabinti wa Malcolm. Walizungumza mara ya mwisho tarehe 19 Februari 1965. Siku mbili baadaye Malcolm akauawa.

Na kwetu je? Mwanzoni mwa karne iliyopita, kadi za posta zenye picha za watu wa Pwani na visiwani ziliuzwa kwa wageni na kutumwa Ulaya. Katika nyingi ya hizo mwanamke amevishwa leso na vito, amekalishwa kitini, na chini yake pameandikwa kwamba huyu ni mwanamke wa Kiswahili. Basi. Hakuna Bi Fulani binti Fulani. Watoto wake huenda walikuwa wakicheza mlangoni mwa studio alipokuwa akipigwa, na leo wajukuu wake hawawezi kumtambua, na kadi yake inauzwa ng'ambo kwa bei ambayo yeye hakuionja.

Baadaye zikaja studio zilizokuwa za watu wa hapahapa, kama ya Parekh mjini Mombasa na ya Omar Said Bakor kule Lamu, na mambo yakageuka. Mteja alikwenda kwa hiari yake, akachagua nguo na mkao, akalipa, akaondoka na picha yake. Nyingi ya hizo ndizo zilizomo katika makopo yetu. Nazo zilipigwa kwa amana: ya mke kwa mumewe aliye safarini, ya dada kwa dada yake, ya maharusi kwa jamaa zao. Suala la hukumu ya picha zenyewe tunawaachia wanavyuoni, ambao wamelizungumza kwa marefu na hawakuwa na kauli moja. Tunachoweza kusema ni kuwa hata aliyeruhusu picha hakuiruhusu kwa macho ya kila mtu. Ndiyo maana hadi leo katika shughuli nyingi za kupamba simu huzuiwa mlangoni, na tunajua nyumba ambazo zimeingiwa na fitina kwa sababu ya picha moja iliyotoka ndani ikapita kutoka simu hadi simu. Binti aliyevunjiwa heshima kwa njia hiyo hawezi kurudishiwa. Kuifuta kwenye simu moja hakuifuti kwenye mia.

Kwetu mgeni hubisha hodi, akasubiri, na asipojibiwa mara ya tatu huondoka. Kamera nayo ni mgeni. Parks alibisha hodi kwa Bi Ella kwa kumuuliza habari zake kwanza, ukumbini, mopu ikiwa mkononi mwa mama, kabla ya kumwomba asimame mahali popote.

Kijana anayetaka kuitumia likizo yake kwa jambo hili hana haja ya kusafiri. Amchague mtu mmoja tu: mama anayechoma mahamri alfajiri, fundi anayekarabati jahazi, mzee anayefungua msikiti na kutandika mikeka, hamali wa mkokoteni, mwalimu wa chuo. Amwombe idhini, na ikiwa ni mama, amwombe pia kuhusu wapi picha itaonekana na nani ataiona. Arudi siku ya pili, na ya kumi. Siku za mwanzo atapata mikao, maana kila mtu akiona kamera hujitengeneza. Baada ya hapo mtu huchoka kujitengeneza, akaendelea na shughuli zake. Akikatazwa chumba fulani, kiwe kimekatazwa. Mwisho ampelekee mwenyewe picha zilizochapwa kwenye karatasi, aziweke mkononi mwake, kwani picha ya simu hupotea simu inapoanguka baharini.

Na nyuma ya kila picha aandike kwa kalamu ya risasi, kwa sababu wino hupenya: jina kamili pamoja na la baba, mtaa, mwezi na mwaka. Wale wenye makopo na albamu za zamani nao wasingoje. Wakae na mabibi wangali hai, wawaonyeshe picha mojamoja, waandike wanayoambiwa, hata likiwa ni jina la utani tu. Watakaopenda kutuletea picha zao ili tuzichapishe katika kurasa za familia, tutazipokea kwa furaha, kwa sharti kwamba aliyemo ameridhia na jina lake limeandikwa likitanguliwa na Bi, Mzee au Mwalimu, vile anavyoitwa mtaani kwake.